Klachi ya mafuta haikati gari likipata moto: nishushe giaboksi?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina gari la mwaka 1988, la gia za mkono, na klachi yake ni ya mafuta. Asubuhi likiwa baridi gia zinaingia bila shida. Nikishaendesha kama nusu saa, gia ya kwanza inagoma na rivasi inaingia kwa kelele. Nikipampu pedali mara mbili tatu, inakubali. Mafuta kwenye kikopo hayapungui na chini ya gari sioni tone. Fundi wangu alibadilisha silinda ya klachi ya chini, gari likatulia siku chache, kisha tatizo likarudi. Sasa anasema tushushe giaboksi tuweke disiki, presha pleti na beringi mpya. Nikubali?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usikubali, au tuseme usikubali bado. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali: ukipampu, inakubali. Disiki iliyolika haijui kama mguu wako umekanyaga mara moja au mara tatu. Presha pleti inayoibana disiki haijui, na beringi inayoisukuma presha pleti haijui. Kinachobadilika unapopampu ni kiasi cha mafuta kinachofika kwenye silinda ya chini. Ukiachia pedali haraka na kukanyaga tena, masta ya juu, yaani silinda inayosukumwa na pedali, inavuta mafuta mengine kutoka kwenye kikopo kabla yale ya chini hayajarudi yote, hivyo pigo la pili linaongezea juu ya lile la kwanza. Gari linalopata nafuu kwa kupampu, karibu kila mara ugonjwa wake uko kati ya pedali na silinda ya chini. Huko hakuna haja ya kushusha giaboksi.

Kabla ya kukueleza cha kufanya, nataka uone jinsi kazi yote inavyofanywa na mafuta kidogo sana. Chukua masta yenye kipenyo cha milimita 15.9, kipimo cha kawaida kwenye magari mengi madogo ya zamani, na pistoni inayosafiri milimita 25. Piga hesabu na utapata sentimita za ujazo 5 hivi za mafuta, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kikiingia kwenye silinda ya chini yenye kipenyo cha milimita 20.6, kinasukuma pistoni yake karibu milimita 15, na uma wa klachi, mkono wa chuma unaosukuma beringi, unazihitaji karibu zote. Ukipoteza robo ya kijiko njiani, zinabaki milimita 11, na klachi inaanza kugoma kukata, yaani kutenganisha injini na giaboksi. Robo ya kijiko haiachi alama chini ya gari. Haionekani hata kwenye kikopo, maana mara nyingi mafuta hayo hayajatoka nje. Yamepita pembeni ya raba na kurudi yalikotoka.

Ndiyo maana breki zinaweza kuvumilia uchakavu ambao klachi haivumilii. Breki zikiwa na hewa kidogo, pedali inashuka lakini gari linasimama. Klachi ya mafuta haina akiba ya namna hiyo: pedali ikishagonga sakafu, ulichosukuma ndicho hicho hicho.

Sasa kipimo. Mimi singenunua hata raba moja kabla ya kukifanya, na kinahitaji rula na mtu mmoja wa kukusaidia. Weka gari mahali tambarare, zima injini, weka vizuizi kwenye magurudumu. Ikiwa lazima uingie chini, tumia stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Tafuta silinda ya chini, ambayo kwenye magari mengi ya wakati huo imefungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa giaboksi, na pushirodi yake, kifimbo cha chuma, inasukuma uma unaochungulia kupitia raba ya vumbi. Weka alama ya chaki kwenye pushirodi au kwenye ncha ya uma. Mwambie mwenzako akanyage pedali mara moja tu, taratibu, mpaka mwisho, na aishikilie hapo. Asipampu. Pima alama imesafiri milimita ngapi, halafu usiondoe macho kwa dakika nzima huku mguu wake ukiwa bado chini.

Kitabu cha gari lako kina kipimo chake, na hicho ndicho cha kufuata. Kama huna kitabu, magari mengi ya aina hiyo yanahitaji milimita 12 hadi 15. Lakini kwa tatizo lako, kinachotokea katika ile dakika ya kusubiri kina uzito kuliko namba yenyewe. Pushirodi ikitoka milimita 14 ikatulia hapo, mafuta yako yanafanya kazi. Ikitoka milimita 14 kisha ikaanza kurudi ndani polepole wakati mguu wa mwenzako haujasogea, masta ya juu inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Ikitoka milimita 9 tangu mwanzo na kutulia hapo, tafuta hewa, mpira uliochoka, au uchakavu wa vyuma vya pedali.

Fanya kipimo hicho mara mbili: asubuhi gari likiwa baridi, halafu baada ya kuliendesha ile nusu saa yako. Mara ya pili jihadhari na ekzosi, ambayo mara nyingi inapita karibu na silinda ya chini. Injini ibaki imezimwa mara zote mbili.

Kwa maelezo yako, kama ningelazimishwa kutaja mshukiwa kabla ya kipimo, ningetaja masta ya juu. Ndani ya masta kuna pistoni yenye raba ya umbo la kikombe, mdomo wake ukielekea kwenye mafuta ya presha. Mdomo huo ukilika, au ukuta wa silinda ukiwa na vishimo vya kutu, mafuta hupita kati ya raba na ukuta. Kwa kuwa nyuma yake kuna raba ya pili inayozuia kutoka nje, mafuta yanarudi tu kwenye kikopo. Hakuna tone, na kipimo cha kikopo hakishuki. Moto nao unaongeza tatizo: mafuta yakipata joto huwa mepesi na kupita kirahisi penye upenyo uleule ambao asubuhi yalishindwa kupita. Hilo linalingana na gari lako sentensi kwa sentensi.

Kuna namna ya kulithibitisha ukiwa kwenye usukani, ingawa mimi napendelea rula. Gari likiwa limeshapata moto, lipeleke mahali tambarare pasipo mtu wala kitu mbele. Injini ikinguruma taratibu, kanyaga klachi mpaka mwisho, ingiza gia ya kwanza, na ushikilie pedali bila kuichezesha, mguu wa kulia ukiwa tayari kwenye breki. Kama baada ya sekunde kumi, ishirini, gari linaanza kujivuta mbele lenyewe, mafuta yanavuja ndani ya masta. Hewa haifanyi hivyo. Hewa inakunyima mwendo tangu mwanzo, lakini ukishapampu na kushikilia, hali inabaki ilivyo. Tofauti hiyo ya kushikilia ndiyo inayotenganisha magonjwa mawili ambayo yote yanatulia kwa kupampu, na mafundi wengi huwa hawaiangalii.

Utauliza: mbona kubadilisha silinda ya chini kulisaidia siku chache? Kuna sababu mbili zinazowezekana, na zote zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Alipoifunga mpya aliweka mafuta mapya na kutoa upepo (hewa iliyobaki kwenye mabomba), kwa hiyo hata kama masta ilikuwa inapitisha, sehemu nyingine za mfumo zilikuwa katika hali nzuri na ukasahau tatizo kwa muda. Sababu ya pili haipendezi. Wakati wa kutoa upepo, watu hukanyaga pedali mpaka chini kabisa, tena na tena. Kwenye masta ya zamani, raba ina njia yake iliyozoea, na mbele ya njia hiyo ukuta wa silinda unaweza kuwa na kutu na uchafu uliojikusanya kwa miaka. Raba ikipelekwa huko kwa nguvu, mdomo wake unakwaruzwa. Masta iliyokuwa na uchovu kidogo inatoka hapo ikiwa imeumizwa zaidi. Ndiyo sababu mimi nikigusa moja kati ya hizi mbili kwenye gari la umri huo, naikagua na ile nyingine siku hiyohiyo. Zimezeeka pamoja, zimekunywa mafuta yaleyale.

Kabla hujafungua masta, maliza vitu vidogo vinavyochukua dakika kumi. Cha kwanza ni mkeka. Usicheke. Mikeka miwili ya raba iliyolaliana chini ya pedali inaweza kuiba milimita 20 za mwendo wa mguu. Ikiwa pedali inapunguza mwendo kwa uwiano wa 5 kwa 1, hizo ni milimita 4 kwenye masta, na zaidi ya milimita 2 kwenye silinda ya chini. Gari linaweza kugoma gia kwa sababu ya mkeka tu.

Halafu piga goti mlangoni na tochi, utazame pini inayounganisha pedali na pushirodi ya masta. Sogeza pedali kwa mkono. Pini hiyo hulika, na tundu lake kwenye pedali hugeuka kuwa umbo la yai. Milimita 2 za uchakavu hapo, kwa hesabu ya masta tuliyoanza nayo, ni zaidi ya milimita 1 kule chini. Si nyingi zikiwa peke yake. Zikijumlishwa na hewa kidogo na raba iliyochoka, ndizo zinazokuangusha. Papasa pia mahali pushirodi inapoingilia kwenye masta, chini ya raba ya vumbi. Ukikuta unyevu, masta inavuja kuelekea ndani ya gari, na mafuta yake yanaishia kwenye zulia, ambako wenye magari huwa hawatafuti uvujaji.

Mwambie mwenzako akanyage tena, na safari hii wewe fungua boneti uangalie masta yenyewe mahali ilipofungwa. Haitakiwi kucheza. Kwenye baadhi ya magari ya zamani, bati la ukuta kati ya injini na chumba cha abiria hupata ufa kando ya bolti za masta. Ukikanyaga, masta nzima inasukumwa mbele pamoja na bati. Unaona mguu umeenda, pedali imeenda, lakini pistoni haijasafiri sawasawa. Hapo hata masta mpya haitasaidia. Anahitajika mtu wa kuchomelea.

Mpira unaounganisha bomba la chuma na silinda ya chini nao ushike kwa mkono wakati pedali inakanyagwa. Ukihisi unavimba kiganjani, unameza sehemu ya kile kijiko chako. Mipira ya umri wa miaka thelathini na zaidi haina deni na mtu, ibadilishwe tu. Ina ugonjwa mwingine wa kinyume: kwa ndani huvimba na kuziba, ikawa mafuta yanakwenda chini kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi upesi. Hapo klachi inachelewa kushika au inateleza, na mwenye gari anauziwa disiki mpya bila sababu. Si tatizo lako kwa sasa, ila uijue dalili.

Sasa tufungue masta. Ondoa mafuta kwenye kikopo kwa bomba la sindano kubwa, tandaza matambara yenye maji chini yake, maana mafuta ya klachi, ambayo kwa kawaida ni yale yale ya breki, yanachubua rangi ya gari. Fungua nati ya bomba kwa spana inayoikumbatia pande nyingi. Spana ya kawaida hukwangua pembe za nati iliyoganda. Masta ikishatoka mahali pake, toa raba ya vumbi, sukuma pistoni ndani kidogo, toa saklipu (pete ya chuma inayoizuia pistoni), pistoni itafuata na springi yake. Chora au piga picha namna vitu vilivyopangana. Raba ikirudishwa mdomo umeelekea nyuma, hutapata presha hata ukipampu hadi usiku.

Futa ndani ya silinda kwa kitambaa safi na uangalie kwa tochi. Pitisha ncha ya kijiti laini au ukucha wako. Ukuta ukiwa laini, unang'aa, seti ya raba mpya inatosha. Ukiwa na madoa ambayo hayakwami ukucha, unaweza kusuguliwa kwa uangalifu. Ukiwa na mashimo yanayokwamisha ukucha, usijidanganye: raba mpya juu ya ukuta wa namna hiyo itakupa wiki au miezi, kisha utarudi palepale. Nunua masta nyingine, au kama haipatikani kwa gari lako, iko kazi ya kuitoboa na kuivisha ngozi mpya ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, na masta iliyofanyiwa hivyo vizuri hudumu kuliko mpya ya bei nafuu.

Usafishaji ufanyike kwa mafuta ya breki mapya au spiriti. Petroli, dizeli na mafuta ya injini visiguse kabisa raba hizi. Zinavimba, zinalainika, na uharibifu hauishii kwenye masta. Unasafiri na mafuta mpaka silinda ya chini. Ikiwa kikopo cha klachi ni kilekile cha breki, unafika hadi kwenye breki. Nimeona watu wakijazia kikopo kwa mafuta ya usukani kwa sababu rangi inafanana. Ukikuta raba zimevimba mfumo mzima, ujue jambo hilo limeshatokea, na hakuna njia ya mkato: kila raba na kila mpira ubadilishwe na mabomba yasafishwe.

Ukirudisha masta, kuna kipimo kimoja kinachosahaulika. Pushirodi ya pedali isiisukume pistoni wakati hakuna mguu juu yake. Iache nafasi ya milimita 1 hivi, ambayo kwenye pedali utaihisi kama mchezo mdogo kabla ya ugumu kuanza. Sababu ni kitundu kidogo kinachounganisha masta na kikopo pistoni ikiwa imerudi mwisho. Pushirodi ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi yote, kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma silinda ya chini, na klachi inaanza kuteleza yenyewe ukiwa barabarani. Mtu anayejaribu kupata mwendo zaidi wa klachi kwa kurefusha pushirodi bila kipimo anabadilisha tatizo la kutokata kuwa la kuteleza, na hilo la pili ndilo linalochoma disiki.

Kuhusu mafuta yenyewe, soma mfuniko wa kikopo. Magari mengi ya miaka hiyo yanatumia DOT 3 au DOT 4, ambayo ni madaraja ya mafuta ya breki. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa na maji. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa hata ukiwa umefunika kikopo vizuri. Silinda iliyokaa jirani na ekzosi, yenye mafuta ambayo hayajabadilishwa kwa miaka mingi, inaweza kupata povu la mvuke gari likishapata moto, na dalili zake ni zilezile zako: asubuhi safi, mchana haikati. Wewe mafuta yako ni mapya kwa kuwa silinda ya chini ilibadilishwa juzi, mradi fundi hakujazia tu juu ya yale ya zamani. Angalia rangi. Yakiwa meusi ndani ya wiki chache tangu kubadilishwa, weusi huo kwa kawaida ni unga wa raba, nao unaelekeza kidole palepale kwenye masta. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi, DOT 5.1 licha ya jina ni jamaa ya DOT 4. Na yapo magari machache yanayotumia mafuta ya madini, kama baadhi ya Citroën na LHM yao ya kijani; huko mafuta ya breki ya kawaida ni sumu.

Kutoa upepo kwenye klachi kunasumbua zaidi kuliko kwenye breki, kwa sababu ya kile kijiko kimoja. Kila pigo linasukuma mafuta machache, na kama bomba lina mpindo unaopanda kisha kushuka, povu linapanda hadi kwenye mpindo na kubaki huko. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni nipo (kijibomba chenye uzi) ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini: lazima iwe juu ya tundu la bomba. Silinda nyingine zina matundu mawili yenye uzi sawa, na kwa kuwa yako imebadilishwa hivi karibuni, hakikisha bomba na nipo havijabadilishana mahali. Nipo ikiwa chini, hewa itabaki juu hata ukimaliza chupa tatu za mafuta.

Njia ninayoipenda ni ya kutoka chini kwenda juu. Fungua silinda ya chini kutoka kwenye giaboksi bila kuondoa bomba lake, sukuma pistoni yake ndani yote na uifunge hapo kwa waya ili isiruke. Jaza mafuta mapya kwenye bomba kubwa la sindano, unganisha mpira mwembamba kwenye nipo, hakikisha mpira hauna hewa, fungua nipo na usukume taratibu. Hewa inapenda kupanda, na wewe unaisindikiza. Mtu wa juu aangalie kikopo kisifurike na achote yanayozidi. Mafuta yakija kwenye kikopo bila povu, funga nipo. Ukitumia njia ya kawaida ya mguu, kumbuka nipo ifungwe kabla pedali haijaachiwa, na kama masta ni ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mahali ambapo raba haijazoea kufika.

Sasa kuna jambo moja la kumuuliza fundi wako bila kumkosea adabu: silinda ya chini aliyoiweka ina kipenyo gani? Mara nyingi namba imeandikwa kwenye mwili wake. Kwa gari moja, miaka tofauti au aina tofauti za injini zinaweza kuwa na silinda zinazofanana kwa nje na kufungwa kwa bolti zilezile, lakini zenye vipenyo tofauti. Rudi kwenye hesabu yetu. Badala ya milimita 20.6 weka silinda ya 22.2. Kijiko kilekile sasa kinatoa milimita 12.8 badala ya 14.9. Pedali inakuwa laini zaidi, mwenye gari anafurahi, na milimita 2 zimekwenda. Asubuhi zilizobaki zinatosha. Moto ukipanda na masta ikaanza kupitisha kidogo, hazitoshi. Vilevile chunguza kama ameongeza springi ya kurudisha uma ambayo haikuwepo. Silinda nyingi zimetengenezwa zijirekebishe zenyewe, beringi ikigusa presha pleti kwa wepesi muda wote. Springi ya kuongezwa inairudisha pistoni mbali, na pigo la kwanza la pedali linatumika kuziba nafasi hiyo tu. Zile zenye springi tangu kiwandani huwa na nati ya kurekebisha kwenye pushirodi, na hizo zinahitaji mchezo mdogo kwenye uma kama kitabu kinavyosema.

Hayo yote yakishafanyika, pima tena kwa rula gari likiwa na moto. Ukipata mwendo kamili unaotulia kwa dakika nzima, na gia bado zinakwaruza, basi fundi wako atakuwa na hoja na mimi nitamuunga mkono. Mafuta yamemaliza kazi yao, kilichobaki ni chuma. Kabla ya kushusha, tikisa uma kwa mkono: ukicheza sana kwenye egemeo lake, egemeo au uma wenyewe umelika. Kuna magari ambayo uma wake hutobolewa na kichwa cha egemeo mpaka unapita upande wa pili, Land Rover Defender ikiwa mfano unaojulikana.

Na mkiishia kushusha, usikubali giaboksi irudi juu kwa kubadilisha disiki, presha pleti na beringi peke yake. Angalia beringi ndogo au bushi iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), mahali ncha ya shafti ya giaboksi inapoingia. Ikikwama, inaizungusha shafti pamoja na injini hata klachi ikiwa imekata kabisa, na gia zitakwaruza vilevile kama mwanzo. Pitisha disiki kwenye meno ya shafti. Iteleze kwa uzito wake bila kukwama, na grisi ya hapo iwe kidogo sana. Tazama vidole vya springi ya presha pleti kama viko kimo kimoja. Disiki ina upande wake, na ikigeuzwa, kitovu chake kinaweza kugusa bolti za flaiwili na klachi isikate kamwe.

Mpaka hapo utakapopata nafasi ya kulifungua, usilazimishe rivasi kwa nguvu, maana kwenye magari mengi ya umri huo haina sinkromeshi, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, kama zile za mbele na meno yake ndiyo yanayolipa. Ikigoma, zima injini, ingiza gia, kanyaga klachi baada ya kupampu mara mbili, halafu washa. Na kama kipimo cha dakika moja kitakuonyesha pushirodi inarudi yenyewe, niandikie kipenyo cha masta na cha silinda mpya, tujue kama ni raba tu ya kununua au na silinda irudishwe dukani.